Bunduki Kwenye Kinu cha Bibi Skola

Wiki iliyopita mwenzangu wa ofisini, aliyekuwa ametoka likizo Ifakara, aliweka kopo la plastiki mezani na kulifungua. Harufu ilinifikia kabla sijainua macho: harufu ya mpunga mchanga uliokaangwa na kutwangwa ungali moto, harufu iliyo kati ya majani mabichi na mkate ulioungua kidogo. Pepeta. Akaniambia nikinge mikono. Mimi, mtu mzima mwenye mtoto wa sekondari, nikatazama kwanza magotini kwangu kuona kama nimeweka kitu, ndipo nikakinga mikono yote miwili.

Alishangaa, lakini hakuuliza, nami sikumweleza, kwa sababu kikombe kimoja cha chai hakitoshi kwa habari hiyo. Nawaeleza ninyi.

Kwetu bonde la Kilombero, mpunga ukianza kutoa mashuke watu wanahama. Nyumba za mjini zinapigwa kufuli au anaachwa mtu mmoja wa kulinda kuku, na familia zinaingia mashambani na magodoro, masufuria na sanamu ya Bikira Maria, zinaishi vibandani mpaka mavuno. Mwaka ninaousimulia nilikuwa darasa la nne. Shule zilipofungwa nilipelekwa kwa Bibi Skolastika, mama yake baba, nikaamie ndege. Kila asubuhi nilipanda dunguni, lile jukwaa la miti katikati ya shamba, nikavuta kamba zilizofungwa makopo na kupiga kelele mpaka kwelea kwelea wahamie kwa jirani. Jirani naye alikuwa na mtoto wa kuwarudisha kwetu. Siku nzima tulirushiana ndege.

Bibi aliniita mke mwenza, kama bibi wengi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wao wa kike, na tulikuwa tukimgombea Babu ingawa alikuwa amekwisha fariki. Alikuwa mnene, mcheshi, mwenye sauti isiyojua kunong'ona. Watu walisema akienda kuungama, padri huwaomba walio kwenye foleni wasubiri nje. Kama mngeniuliza ni nani katika bonde zima asiyeweza kutunza siri, ningemtaja yeye kabla hamjamaliza swali.

Tatizo lake lilikuwa miguu. Ilimshika bila utaratibu wowote. Leo amepanda dunguni mwenyewe kunisaidia ndege, ngazi inalia chini yake. Kesho asubuhi anagumia, anamwita kijana wa pikipiki ampeleke hospitali mjini. Jioni anarudi amechangamka, ana sukari na sabuni, wala hana kidonge hata kimoja. Nilikuwa mtoto wa kutazama mambo, na niliona kwamba miguu ilipenda kumshika baada ya wageni fulani kupita. Nikahitimisha kwamba wageni wale wanaleta ugonjwa. Nikawa nanawa mikono kila walipoondoka.

Kibanda chetu kilikuwa kando ya njia itokayo mtoni, ndiyo maana wageni hawakukatika. Walipita wavuvi, walipita Wasukuma na ng'ombe wao, na walipita watu waliobeba viroba vizito vyenye inzi, ambao hawakupenda kukaa sana. Hao walikuwa majangili. Waliwinda nyati na sheshe, yule swala mwekundu wa bondeni kwetu, na uwindaji huo ulikuwa umekatazwa. Bibi aliwakaribisha kama alivyowakaribisha wote. Aliwapa maji, akawauliza habari za wake zao, akawauliza na njia watakayopita ili awaambie wapi pana tope.

Bondeni tulijua kuna shushushu, mtu wa siri wa askari wa wanyamapori. Isingewezekana askari wajue siku na njia bila kuambiwa. Na tulijua shushushu huyo ni nani: Method, fundi baiskeli wa njia panda. Ushahidi ulikuwa mzito. Alivaa miwani myeusi hata mvua ikinyesha. Kila aliyefika kwake aliulizwa, "Unatoka wapi, unaenda wapi?" Tena alikuwa mpole, haongezi neno, na fundi asiye na maneno ni mtu wa kutiliwa shaka. Watoto tulijilaza kwenye majani tukampeleleza mpelelezi. Tulimwona akibandika kiraka, tukakubaliana kwamba hata kiraka anakibandika kishushushu. Watu wazima walitucheka, lakini nao wakifika kwake walizungumza habari za mvua tu.

Kuna jambo moja zaidi inabidi mlijue kabla sijaileta bunduki. Sisi ni Wapogoro, na Wapogoro na Wangoni ni watani. Siku ya kumzika Babu, mama mmoja wa Kingoni aliyeolewa mtaa wa pili alivaa koti la marehemu, akashuka kaburini, akajilaza chali. Alisema pamempendeza, hatoki. Baba yangu, ambaye alikuwa analia, alicheka huku anamsihi, na mama yule hakutoka mpaka alipopewa jogoo. Niliogopa, nikamuuliza Bibi kwa nini hawampigi. Bibi akasema mtani hakasirikiwi. Mtani akikuvua kofia unabaki kichwa wazi, na kitu chako akikichukua unakigomboa. Anayemkasirikia mtani, alisema, ana uchungu mwingine moyoni unaomla.

Sasa bunduki.

Wiki moja kabla, miguu ilikuwa imemshika Bibi vibaya sana. Siku chache baadaye tulisikia askari wamekamata mtumbwi uliojaa nyama kule kivukoni. Mambo hayo mawili yalikaa kichwani mwangu kila moja na upande wake, hayakuamkiana.

Ilikuwa alasiri. Bibi alikuwa amekata mashuke mabichi ya kwanza ya mwaka, amekaanga, na tulikuwa tunatwanga mbele ya kibanda. Pepeta hutwangwa ingali ya moto, punje zingali laini na zenye kunata, na tulitwanga kwa kupokezana: mchi wake ukishuka wangu unapanda. Ukikosea zamu michi inagongana na unaambiwa huolewi.

Mtu akatokea kwenye mpunga, maji yakimfika magotini. Alivaa kofia ya ukili na begani alikuwa na kitu kirefu kilichoviringishwa kwenye kiroba. "Shikamoo, mama," akasema. Bibi akaitikia marahaba. Nami nikampa shikamoo yake, akaitikia vizuri, akaniuliza nasoma darasa la ngapi. Kisha akakaa kwenye gogo, akafungua kiroba na kutoa gobore.

Nimeandika habari nyingi za watu wabaya tangu hapo, na bado huyu ananishangaza. Alikuja kumwaga damu, lakini alianza na shikamoo.

Alituelezea shida yake kwa utulivu. Nyama iliyokamatwa ilikuwa yake, na aliyekuwa kwenye mtumbwi ni mdogo wake, sasa yuko mahabusu. Aliyewachongea anajulikana, ni yule fundi baiskeli mwenye miwani, na amesikia fundi huyo anamletea mama baiskeli leo. Basi atamsubiri hapa. Hana ugomvi na mama wala na mtoto.

"Nataka avue ile miwani anitazame," alisema. "Halafu basi."

Niligeuka nikaitazama njia. Maana ni kweli Method alikuwa anakuja. Baiskeli ya Bibi, ile ya kubebea magunia, ilikuwa kwake, na ahadi ilikuwa leo kabla ya jua kuzama. Hakukuwa na njia ya kumwonya. Njia ilikuwa moja, juu ya tuta, na mtu wa gobore alikuwa ameikalia.

Nilimtazama Bibi. Uso wake ulikuwa umesimama kidogo, kama mtu anayejaribu kukumbuka alikoacha sindano. Kisha akauliza, kwa sauti yake ile ya kuamsha bonde, "Kwani baba, kwenu wapi?"

"Namtumbo."

"Mngoni?"

"Mngoni, mama. Haule."

Bibi akatupa mchi chini akapiga vigelegele mpaka ndege wa shamba zima wakaruka. Niliona aibu. Nilidhani mzee wa watu ameona bunduki lakini hajaielewa. Akamfuata yule mtu pale kwenye gogo, akamvua kofia, akaivaa yeye juu ya kilemba.

"Mtani! Babu yako alimkimbiza babu yangu kwa mkuki mpaka milima ya Mahenge. Mpaka leo yuko kaburini anahema. Na wewe umekuja kumalizia?"

"Mama, leo sina nafasi ya utani."

"Utani hausubiri nafasi. Ni kama chafya."

Haule alijaribu kukunja uso, lakini alikuwa mtoto wa watu, amelelewa. Kofia yake ilikuwa imechukuliwa na mtani wala hakuweza kuidai kwa ukali. Alipapasa kichwa chake kitupu, akatazama njia, akakaza mkono kwenye gobore. Bibi alikuwa amekwisha kuchota pepeta iliyopepetwa, yenye moshi, na amemsimamia.

"Kinga mikono, mtani. Ni ya kwanza mwaka huu."

Chakula cha mkubwa hakipokewi kwa mkono mmoja. Tunafundishwa hilo kabla ya kufundishwa kutembea, na mavuno ya kwanza ndiyo kabisa. Nilimwona Haule akiitazama pepeta, akaitazama bunduki, na nikaona malezi ya mama yake yakishinda. Akailaza bunduki magotini, akakinga mikono yote miwili. Bibi akamimina hadi ikafurika. Ilikuwa ya moto kweli. Haule akawa anaipuliza, anaihamisha kiganja hiki na kile, na alipoona haipoi akajaza mdomo ili apunguze ya mikononi.

Hapo Bibi akaichukua bunduki magotini mwake kama mtu anayechukua mwiko.

"Na mchi mmeniletea? Hebu tuone Wangoni wanatwangaje."

Akaigeuza mdomo chini, akaitumbukiza kinuni, akatwanga. Tu! "Mke mwenza, itikia!" Mimi nilikuwa nimeganda, lakini mikono ya mtoto aliyefundishwa kutwanga haingoji ruhusa. Nikainua mchi wangu, nikaitikia. Yeye bunduki, mimi mchi, bunduki, mchi, hatukugongana hata mara moja. Bibi akaanza na kuimba.

Haule alisimama, macho yamemtoka, mdomo umejaa moto, viganja vimejaa. Kilichotakiwa ni kumwaga pepeta chini tu na kuinyang'anya bunduki yake. Hakuimwaga. Alikuwa mtu wa bunduki, lakini hakuwa mtu wa kumwaga chakula.

"Mchi wenu una tundu, mtani," Bibi alimwambia huku anatwanga. "Ndiyo maana mnatwanga kutwa nzima na mnalala njaa."

Na hapo nikasikia kengele. Method alikuwa na desturi ya kupiga kengele njia nzima, kuanzia kichwa cha tuta, ili watoto wampishe. Kring, kring. Haule naye akaisikia. Akameza, akaitia iliyobaki mdomoni, akafuta mikono kwenye suruali. Bibi akaacha kutwanga, akaipangusa bunduki kitako kwa ncha ya kanga, na akampa mwenyewe kwa heshima zote, kwa mikono miwili. Nilitaka kulia. Nilijua sasa kwa hakika kwamba Bibi yangu ni mjinga.

Haule akasogea pembeni ya kibanda, akatoa mfukoni mwa shati fataki ya kulipulia baruti, akainua bunduki. Ndipo akaona. Akaigeuza mdomo, akachungulia. Tundu lilikuwa limejaa kijani mpaka ukingoni, limeshindiliwa, kama mdomo wa mtoto aliyeiba. Akatia kidole. Kidole kikaishia kwenye kucha.

Bibi alimkaribia. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimsikia akisema kwa sauti ya chini, chini kabisa, sauti ambayo sikujua kwamba anayo.

"Ukifyatua, mtani, itakupasukia usoni. Nami nitakuja msibani kwako, nitatangulia kaburini, na sitoki bila jogoo wawili."

Haule alimtazama. Alitazama kofia yake juu ya kilemba cha Bibi, imekaa upande. Nadhani alikuwa anapigana na kitu fulani, kwa sababu mabega yalianza kutikisika kabla uso haujaamua. Kisha akacheka. Alicheka mpaka pepeta iliyobaki mdomoni ikaruka, akakaa chini, akaendelea kucheka huku anafuta machozi, na mwishoni sikujua kama bado ni kicheko.

Method alitukuta hivyo. Akaegemeza baiskeli, akatusalimu, akamgeukia Haule na kumuuliza kile alichomuuliza kila mtu tangu azaliwe.

"Ndugu, unatoka wapi, unaenda wapi?"

Nikafumba macho. Nilipofumbua, Haule alikuwa anajibu kwa adabu kwamba anatoka mtoni na anaenda nyumbani. Method alikuwa ameinama juu ya gobore, miwani imemshuka puani. "Hili bomba limeziba," alisema. "Nina spoku hapa, nalizibua sasa hivi. Tena pampu ninayo." Na kweli alikuwa amekwisha kufungua mfuko wa vifaa.

"Acha, Method," Bibi akasema, sauti imerudi mahali pake. "Mchi wa mtani haufanyiwi sevisi. Unabaki hapa. Ataugomboa kwa jogoo."

Haule hakubisha. Bibi akamjazia kofia yake pepeta, akamkabidhi, naye akaondoka kwa njia ile ile aliyokuja nayo, mpunga ukamfunika. Method akadai raba ya kanyagio inahitaji kubadilishwa wiki ijayo, akaondoka pia, kwa miguu, bila kujua kitu. Jua lilikuwa limefika kwenye milima ya Udzungwa.

Bibi alikaa juu ya gogo. Aliniambia nimletee maji, nikamletea. Aliniambia tukatoe mkeka uani, akajaribu kusimama, akashindwa. Akajaribu tena. Miguu ilikuwa inatetemeka kuanzia mapajani, naye akaitazama kana kwamba si yake. Nilimpa bega langu nikamkokota hadi ndani, huku namwambia kesho aende hospitali, maana mgeni ameleta ugonjwa tena. Akaniambia nimesema kweli, mke mwenza.

Asubuhi akaenda, na mkeka mrefu ulioviringishwa ambao kijana wa pikipiki alilalamika kwamba ni mzito kwa mkeka. Akarudi na sukari.

Haule alirudi baada ya mavuno. Alikuja na jogoo, akakuta mchi wake umelazwa hospitali na hauna tarehe ya kuruhusiwa. Akala, akalala, na mwaka uliofuata akaja tena. Mdogo wake alipotoka walikodi shamba ng'ambo ya mto wakalima mpunga, wakawa wanaibiana kofia na Bibi kila msimu. Method alibaki fundi, na miwani yake. Macho yalikuwa yanamuuma kwenye mwanga, na swali lake lilikuwa la kujua tairi litahitaji kufika wapi. Alikufa bila kujua kwamba aliwahi kuwa shushushu.

Bibi tulimzika juzijuzi, mtu wa miaka mingi, kwa hiyo msiba wake ulikuwa na nafasi ya kucheka. Nilikuwa nimesimama kando ya kaburi na mzee mmoja mstaafu wa wanyamapori, ambaye sikujua kwa nini amekuja kutoka mbali. Akanieleza polepole, kama mtu anayerudisha kitu alichoazimwa. Kwa miaka mingi Bibi alikuwa akifika mjini, anasema yuko hospitali, anakaa nyuma ya ofisi yao na kuwaeleza nani amepita, na mzigo gani, na njia ipi. Walimuuliza mara moja kwa nini anajihatarisha. Aliwajibu kwamba mumewe alimwonyesha sheshe kundi zima siku walipofika bondeni, na yeye ana mke mwenza mdogo nyumbani ambaye hajaona hata mmoja.

Hapo watu wakaanza kupiga kelele. Haule, mvi tupu, alikuwa amejifunga kanga ya Bibi na ameshuka kaburini. Alijilaza, akanyoosha miguu, akasema anapima kama urefu unatosha. Vijana wakamsihi. Akasema hatoki mpaka aletewe pepeta, tena ya moto, tena aletewe na mke mwenza, na ataipokea kwa mikono miwili kwa kuwa leo magotini hana kitu. Watu wakacheka bila kuelewa. Kisha akapaza sauti kutoka kule chini ili kila mtu asikie.

"Huyu mwanamke alisumbua mahospitali bure. Miguu yake ilikuwa mizima!"

Waombolezaji walivunjika mbavu. Mimi na mzee wa wanyamapori hatukutazamana. Haule alikuwa anajua, na sijui tangu lini. Pengine tangu pale penye pembe ya kibanda, aliposikia mwanamke mwenye sauti ile anaweza kunong'ona. Alikuja siku ile kumtafuta mtu, na mtu huyo ndiye aliyemvua kofia na kummiminia pepeta. Bibi angeweza kukaa kimya tu siku ile, kengele ikalia, na jina la shushushu likazikwa na Method.

Nilienda kumletea pepeta. Nikiwa napita katikati ya watu waliokuwa bado wanacheka, nilikuwa nafikiria ile jioni, uzito wa Bibi begani mwangu, na mapaja yake yakitetemeka njia nzima hadi mlangoni. Haule hakukosea sana. Miguu ya Bibi ilikuwa mizima miaka yote ile, isipokuwa siku moja.